Mtoto Aliyeruka Juu ya Vitabu vya Sheria

Siku tuliyomzika shemeji yangu, Profesa Amandus Roegiers, mkuu wa Chuo alisimama kando ya kaburi na kusema kwa Kifaransa chake kilichonyooka kwamba marehemu aliyatoa macho yake sadaka kwa ajili ya elimu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikohoa kwa nguvu hadi mpwa wangu Bavo akanishika mkono. "Mama mdogo, tafadhali," akanong'ona. Bavo ni mtu mzima sasa, ana ndevu na wateja wake mahakamani, na marehemu, baba yake, hakuwahi kuuona uso wake hata mara moja.

Sadaka hutolewa na mtu anayejua anachokitoa. Amandus hakujua. Alikuwa kijana wa mji wetu wa Gent, mwenye koti moja na swali moja: kitu kikishaondoka mbele ya macho, picha yake hubaki jichoni kwa muda gani? Ili kulijibu alikodolea macho taa kali, akakodolea kaa la moto likizungushwa kwenye waya, na wakati mwingine akalikodolea jua lenyewe likiwaka juu ya maji ya mto Leie. Halafu anafumba macho na kuhesabu. Nani alimtuma? Hakutumwa na mtu. Dada yangu Coleta alimkubali akiwa tayari anapepesa macho muda wote, na sisi tulidhani ni haya.

Jibu alilipata, sikatai. Aligundua kwamba picha hukawia jichoni kidogo, na kwamba ukimwonyesha mtu picha moja, ukaiziba kwa nukta tu, kisha ukamwonyesha ya pili iliyosogea kidogo, jicho litaziunga lenyewe na kuapa limeona kitu kikitembea. Akatengeneza gurudumu. Lilikuwa duara la kadibodi, kubwa kama sinia, limechomekwa kwenye mpini ili lizunguke. Ukingoni alikata nyufa nyembamba, na upande mmoja akachora picha zikizunguka duara lote. Unasimama mbele ya kioo, picha zikiwa zimekielekea kioo, mgongo mtupu wa kadibodi ukikuelekea wewe. Unazungusha, unachungulia kupitia nyufa, na mle ndani ya kioo picha zinaamka.

La kwanza lilikuwa la mlevi anayepepesuka. Alituita sebuleni, mimi na Coleta, akatusimamisha mbele ya kile kioo kikubwa kilichojengewa ukutani juu ya meko. Nilipochungulia nikapiga kelele, kwa sababu yule mlevi alikuwa anapepesuka kweli, anainuka, anapepesuka tena.

"Shemeji," nikasema, "mbona kama mjomba wetu Gillis?"

"Nilihitaji mtu asiyelipwa," akajibu. "Gillis alinipepesukia bure kila Jumapili."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mtu wa utani mkavu, mpole, msahaulifu wa kula. Watu walitoka Paris na London kuja kumwona, na haikuchukua muda magurudumu kama lake yakawa yanauzwa madukani huko kama michezo ya watoto bila jina lake. Hakukasirika. Mimi ndiye niliyekasirika kwa niaba yake, kazi ambayo nimeifanya katika nyumba ile maisha yangu yote, kwa kuwa sikuolewa na nilikuwa na nafasi.

Mtoto wao wa kwanza alibatizwa Pharaildis, jina la mtakatifu wa mji wetu, na sote tukamwita Veerle. Mtoto yule hakukaa. Alikula akiwa amesimama, alisali akiruka kwa mguu mmoja, na kamba yake ya kuruka alilala nayo. Ua wetu wa nyuma una matofali, na tangu asubuhi ungesikia kamba ikiyachapa, pa, pa, pa. Coleta alikuwa akiumwa kichwa. Mimi nilikuwa nahesabu mapigo bila kutaka huku nikimenya viazi.

Mwaka ule Veerle alipotimiza miaka sita, baba yake aliamua kutengeneza gurudumu bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Halikuwa la mlevi wala la bata kama yale ya awali. Lilikuwa la mtoto anayeruka kamba, limechorwa kutoka kwa mtoto halisi, na kila hatua ya kuruka imepimwa sawasawa. Wakati huo macho yake yalishaanza kumsumbua. Alisema mwanga una ukungu. Alitaka kulimaliza kabla ukungu haujazidi.

Sasa, mtoto aliye hewani utamchoraje? Hakai huko ukamtazama. Amandus akapata njia. Alichukua vile vitabu vizito vya sheria vya marehemu baba yetu, akavipanga ukutani uani, kimoja, viwili, vitatu, na kumpandisha Veerle juu yake. Kitabu kimoja ndiyo kwanza miguu imeacha ardhi. Vitabu vinne ndiyo kilele. Halafu anaanza kuviondoa, mtoto anashuka. Kamba aliishikilia kwa vijiti na uzi ili ikae ilivyotakiwa kukaa. Kila mchana mzuri, pozi moja.

"Baba, leo niko juu kiasi gani?"

"Uko juu kwa vitabu vitatu. Usitikisike."

"Pua inaniwasha."

"Pua iko hewani, haina ruhusa ya kuwasha."

"Mama mdogo Livina, nikune pua!"

Nilienda nikamkuna, na Amandus akanifukuza kwa brashi. "Shemeji, unanizibia goti!"

"Goti la mtoto nalijua kuliko wewe," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayelipaka dawa."

Tulicheka. Nataka nieleweke, tulicheka sana katika ua ule. Hakukuwa na ukatili. Lakini majira yote yale ya kiangazi, mtoto asiyeweza kukaa alikaa, juu ya vitabu, mguu mmoja nje, mdomo umefungwa, kwa sababu baba yake alikuwa anachunguza kuruka. Na alipomaliza pozi, akashuka na kuanza kuruka kweli, Amandus alikuwa ameshainamia karatasi yake anapaka rangi kabla haijakauka. Sikumlaumu. Nani angemlaumu? Sote tulidhani kuruka kwa Veerle ni kitu ambacho nyumba ile haitaishiwa.

Gurudumu lilikwisha mwezi wa Agosti. Amandus akaliweka juu ya kabati ili rangi ikauke vizuri, akasema watalitazama wote siku ya kuzaliwa ya Coleta. Kabla ya siku hiyo Veerle alirudi kutoka kwa nyanya yake akiwa na homa. Ilikuwa homa ya matumbo. Mji ulikuwa na joto na mto ulikuwa unanuka, na watoto wengi walikwenda mwezi ule. Wa kwetu alikwenda alfajiri, amemshika mama yake kidole.

Sisi wa Gent tunajua la kufanya mtu akifa, na ni afadhali, kwa sababu mikono inapata kazi. Nilisimamisha saa. Nilifunga mbao za madirisha. Coleta mwenyewe, kwa mikono yake, alikipandia kiti kile kioo cha juu ya meko na kukifunika kwa kitambaa cheusi, akakipigilia misumari midogo pembe zote nne. Kioo cha nyumba yenye msiba hakitazamwi mpaka misa ya wiki ya sita. Roho ya marehemu bado inazunguka, inaweza kunaswa mle, na anayejitazama humo kwanza ndiye atakayefuata. Hayo tuliyanyonya na maziwa ya mama. Na Coleta alikuwa mjamzito, miezi mitano.

Wiki haikuisha tangu maziko, Amandus akaangusha kikombe cha kahawa. Nilidhani ni majonzi. Siku ya pili akajikwaa kwenye kiti ambacho hakijawahi kuhama mahali pake. Nikamwita daktari, mzee Vanhaute, ambaye alimwinua kidevu, akapitisha mshumaa kushoto na kulia, akauzima. Kisha akatuvuta koridoni, mimi na dada yangu.

"Huo si ukungu tena," akasema. "Kuona kwake kunafunga kutoka pembeni kuja katikati. Kama kuna kitu anapenda kukiona, mwonyesheni."

"Akipumzika?" Coleta akauliza.

"Apumzike asipumzike, Mama. Mwonyesheni."

Amandus alikuwa amesikia. Masikio yake yalikuwa yameshaanza kufanya kazi ya macho. Tulipoingia alikuwa ameshalishusha gurudumu kutoka juu ya kabati, amelipakata.

"Coleta," akasema, "nataka kumwona akiruka. Mara moja tu. Toa kile kitambaa."

Dada yangu akaweka mikono yote miwili tumboni. "Misa ya wiki ya sita, Amandus."

"Umemsikia Vanhaute."

"Nimemsikia. Na wewe unajua unachoniomba? Huombi kujitazama tu. Unaomba nimtie mwanangu mle ndani ya kioo. Yeye mwenyewe, na roho yake bado haijapumzika! Akinaswa? Akimwita huyu?" Akajipiga tumbo kidogo. "Nimezika mmoja. Niambie kwa kweli kabisa, kwa elimu yako yote, kwamba haiwezekani."

Ungetegemea profesa aseme haiwezekani. Mimi nilitegemea hivyo, nikamkazia macho. Lakini alimtazama mke wake, yaani alimtazama kwa kile kitundu cha katikati alichobakiwa nacho, akaona jinsi anavyotetemeka, na hakusema. Aliniambia baadaye kwamba maneno yalikuwa mdomoni. Kwamba alijua kioo ni kioo. Lakini mtoto akizaliwa mfu, jambo ambalo hutokea bila kioo chochote, Coleta atajilaumu maisha yake yote, na atamlaumu yeye. Akayameza.

Mimi siyawezi hayo ya kumeza. Nikavaa bushuti langu jeusi, nikamshika shemeji mkono na gurudumu kwapani, tukatoka. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa likizo, na kioo cha huko kilikuwa ndani ya chumba cha vyombo, ambacho ufunguo wake alikuwa nao mkubwa mmoja aliyekwenda kuogelea pwani, Ostende. Nikampeleka kwa Bi Rosseel, mjane mwenye duka la kofia karibu na soko la Ijumaa, mwenye kioo kirefu kinachoonyesha mtu kuanzia unyoya wa kofia mpaka kiatu.

Bi Rosseel alitupokea kwa pole nyingi. Akamketisha Profesa, akamletea mkate wa mdalasini. Kisha nikamweleza tulichofuata, na uso wake ukabadilika.

"Livina, una akili wewe?" akasema. "Niingize marehemu kwenye kioo changu? Wanawake wa Gent nzima wanajaribia kofia hapa!"

"Ni karatasi, Bi Rosseel. Karatasi na rangi."

"Karatasi inayotembea! Nimeliona lile la mlevi, nilikosa usingizi. Na mtoto mwenyewe bado hata udongo haujashuka kaburini. Wiki ya sita njoo, nitawafungulia duka zima, nitawachemshia na kahawa. Leo hapana. Profesa, utanisamehe."

"Nimeshakusamehe, Bibi," Amandus akasema, na akamalizia mkate wake kwa adabu. "Wewe si wa kwanza leo."

Nilijaribu nyumba nyingine mbili. Kwa fundi kinyozi walitufungia mlango waliponiona na nguo nyeusi. Wa pili alikuwa na kioo kidogo cha mkononi, hakitoshi hata nusu ya gurudumu. Tulirudi kwa njia ya mtoni. Nilikuwa nimefura kwa hasira. Nilimwambia kwamba tukifika nitapanda kiti na kukirarua kile kitambaa, liwalo na liwe.

"Hutapanda, shemeji," akasema. "Sikiliza. Nimepiga hesabu."

Akanieleza. Kila asubuhi alikuwa anasimama mahali pamoja, dirishani, akitazama ubao wa duka la mkate ng'ambo ya barabara, na kuangalia ni herufi ngapi anaziona bila kugeuza jicho. Zilikuwa zinapungua, lakini zinapungua polepole na kwa mpango. Akaweka alama zake kichwani, akachora mstari, mstari ukashuka taratibu kama paa la banda. Kwa mstari ule, misa ya wiki ya sita itamkuta bado na kitundu cha kutosha kumwona mtoto mmoja anaruka kamba.

"Macho yatafika," akasema. "Coleta apate amani yake, nami nimpate Veerle. Hakuna haja ya kupigana."

"Una hakika?"

"Livina, kupima ndiyo kazi niliyobakiwa nayo."

Nikaamini. Yeye ndiye aliyekuwa amepima jambo ambalo hakuna mtu duniani aliyekuwa amelipima, ningemkatalia nini? Hata leo nikiwasikia wasomi wakisema kitu kitashuka kwa mpango, moyo unanidunda. Vitu havishuki kwa mpango. Vinashuka, vinasimama kidogo kukupa matumaini, halafu vinaanguka.

Wiki zile alikuwa mtulivu kuliko sisi. Alilala na gurudumu kando ya kitanda. Alimsimulia Coleta jinsi atakavyoona: kwanza kamba ikipita chini, halafu nywele zikipanda zikichelewa kidogo nyuma ya kichwa, jambo ambalo alikuwa amelichora kwa makini na kujivunia. Coleta alikuwa akisikiliza huku akishona nguo za mtoto ajaye. Mara moja nilimkuta amesimama sebuleni peke yake mbele ya kile kitambaa cheusi, mkono umekigusa. Nikangoja. Akauondoa mkono, akaenda jikoni kukoroga supu. Baadaye nilijua kwamba siku hiyo alikuwa amekaribia.

Misa ya wiki ya sita ilisomwa katika kanisa la Mtakatifu Jakobo asubuhi ya mvua. Amandus alipanda ngazi za kanisa mkono wake ukiwa begani kwa mke wake. Niliona kwamba alikuwa anahesabu ngazi kwa mguu. Sikutaka kujua nilichokiona. Wakati wa sadaka alitia sarafu yake nje ya kikapu, mtu akaiokota, yeye akatabasamu upande ambao mtu yule hakuwepo.

Nyumbani wageni walijaa chumba cha kulia, shangazi na majirani, hata Bi Rosseel na kofia yake, wakingoja kahawa na mkate mtamu wa msiba. Sisi watatu tukaingia sebuleni na kufunga mlango. Nikafungua mbao za madirisha, mvua ilikuwa imeanza kukatika na mwanga ulikuwa mzuri. Coleta akapanda kiti, na tumbo lake lile, akang'oa misumari kwa koleo. Hakunipa nimsaidie. Kitambaa kikaanguka, na kioo kikawa kama siku zote, kina vumbi kidogo pembeni.

"Tayari, Amandus," akasema. "Njoo."

Akaja. Akasimama mahali pake pa zamani bila kusaidiwa, akanyanyua gurudumu usawa wa uso wake, akalizungusha kwa kidole. Akasogeza jicho karibu na nyufa. Nami nikatazama kioo, na Coleta akatazama kioo, na ndani ya kioo kadibodi tupu ilikuwa inazunguka, nyeupe, haina kitu. Alikuwa amelishika kinyume. Picha zote, Veerle wote wale, walikuwa upande wa uso wake mwenyewe, wanazunguka mbele ya pua yake, karibu kiasi kwamba upepo wao ulimpeperusha nywele. Na yeye macho wazi.

"Aa," akasema. "Huyo hapo."

Akalizungusha tena kwa kidole.

"Anaruka, Coleta. Nywele zinachelewa vilevile nilivyokuambia. Unamwona?"

Nilifungua mdomo. Dada yangu akanigeukia na kunitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo, nikaufunga. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka shingoni lakini sauti aliitoa kavu kabisa.

"Namwona," akasema.

"Amependeza?"

"Amependeza sana."

"Basi hatukukosa kitu kwa kungoja," Amandus akasema. "Umeona? Macho yamefika. Usije ukasikitika hata siku moja." Gurudumu likaanza kupunguza mwendo. Akalitoa usoni, akamnyooshea alikodhani yupo. "Zungusha wewe sasa. Mimi mkono umechoka."

Coleta akalipokea. Nilidhani atalizungusha hivyo hivyo, ili uongo ule ubaki mzima na wao wapumzike ndani yake. Labda alitaka iwe hivyo. Lakini lilipokuwa mkononi mwake picha zilikuwa zinamtazama yeye, yule mtoto na goti lake nililokuwa nalipaka dawa, na mama gani angezigeuza akaangalia upande mtupu? Akaligeuzia kioo linavyostahili. Akalizungusha. Akachungulia.

Sauti iliyomtoka siwezi kuiandika. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama ya mtu aliyeitwa kwa jina lake nyuma yake, na mtu aliyedhani hatamwita tena.

Mle ndani ya kioo Veerle alikuwa anaruka. Miguu ikaacha ardhi, kamba ikapita, nywele zikachelewa, akashuka, akaruka tena. Hakuna vitabu. Hakuna vijiti. Mtoto tu, na kuruka kwake.

Amandus alikuwa amesimama wima, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza. Uso wake ukabadilika polepole, nami nikajua anafanya kile alichofanya maisha yake yote, anaweka jambo hili kando ya jambo lile.

"Sauti hiyo hukuitoa mara ya kwanza," akasema.

Coleta akaondoa jicho kwenye nyufa.

"Kwa hiyo mara ya kwanza nililishika kinyume."

"Amandus..."

"Na ulisema unamwona."

"Na wewe ulisema unamwona!" dada yangu akasema, na hapo sauti ikampasuka. "Tangu lini? Tangu lini huoni?"

"Siku ya Alhamisi niliamka, ubao wa duka la mkate haupo. Nikasema labda wameuondoa. Nikangoja mchana." Akatafuta kiti kwa mkono, akakipata, hakukaa. "Sikutaka uwe nalo. Una la kutosha kubeba."

"Nilikaribia kukitoa. Wiki ile ya kwanza, nilikishika kwa mkono wangu huu. Ningekivuta tu! Ungemwona. Ungemwona, na mimi nilikunyima kwa ajili ya kitambaa."

"Na mimi ningekuambia kioo ni kioo, siku ile uliyoniuliza. Nilijua. Nikajifanya nina muda." Akageuza uso kuelekea uani. "Siyo leo tu, Coleta. Kiangazi kizima alikuwa anaruka pale uani, na macho ninayo, na mimi nikampandisha juu ya vitabu."

Gurudumu lilikuwa limesimama. Coleta alilishusha, akamwendea, akataka kumshika, akataka kuliweka mezani na kumshika kwa mikono yote miwili. Amandus alisikia kadibodi ikigusa meza, akanyoosha mkono kumzuia.

"Usilisimamishe," akasema. "Zungusha. Mmoja wetu amtazame."

Coleta akarudi mbele ya kioo na kulizungusha tena. Nami nikatoka kwenda kuwaambia wageni kwamba kahawa itachelewa.